MWALIMU KARUKA UKURASA, BODABODA KAFUNDISHA

HIVI, mpenzi msomaji, hebu niambie ukweli, hakuna anayetusikia hapa: wewe mambo hayo nani alikufundisha? Baba? Mama? Mwalimu wa sayansi? Au ni yule kaka wa mtaani aliyekuwa anajua kila kitu, kumbe mwenyewe hajawahi hata kushikwa mkono na msichana?

Mimi nilimaliza darasa la saba huko kwetu milimani, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, miaka ya tisini. Shule siitaji, maana mwalimu wetu bado yu hai na nikikutana naye sokoni nampa shikamoo yake. Kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja kwa madawati matatu. Tulipofika kwenye mada ya uzazi mwalimu alikohoa, akatazama dirishani kama vile kuna mtu kamwita, kisha akasema, "Hii mtasoma wenyewe nyumbani." Nyumbani wapi, na kitabu kinarudi ofisini kila jioni? Tukageuza ukurasa tukaingia kwenye umeme: betri, waya na balbu. Kijijini kwetu umeme wenyewe tulikuwa tunausikia tu.

Mwenzetu mmoja, msichana mwenye akili kuliko sisi wote, hakufanya mtihani wa mwisho. Tukaambiwa ana malaria sugu. Malaria ile ilizaliwa mwezi wa pili, ikapewa jina la bibi yake.

Nimeikumbuka hadithi hii kwa sababu ubishi umerudi tena, vijiweni, kwenye daladala na kwenye vikao vya wazazi: je, shule za serikali zifundishe elimu ya jinsia au zisifundishe? Na ukitaka kikao kivunjike kabla ya soda kufika, ongeza maneno mawili tu: "pamoja na ushoga". Hapo hata mwenyekiti anasahau ajenda.

Mimi nina upande wangu na sitauficha. Ila kwanza twende taratibu.

SHANGAZI KAHAMA

Wanaopinga wana hoja moja nzito. Wanasema kazi hii si ya shule, ni ya ukoo. Kweli kabisa. Kwa Waha, kama kwa makabila mengi ya nchi hii, baba hakai na binti yake kuongea habari za mwili. Aibu! Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi na bibi, na kwa mvulana ilikuwa ya babu na wajomba. Sisi Waha tunasifika kwa salamu ndefu: unapiga makofi, unainama, unauliza watoto, unauliza mifugo, unauliza shamba. Lakini katika salamu yote ile hakuna mahali pa kuuliza, "Na binti yako aliyevunja ungo analala wapi siku hizi?"

Sasa swali langu ni hili: shangazi mwenyewe yuko wapi? Kaolewa Tabora, au yuko Dar anauza vitenge, au yupo hapo hapo kijijini ila anatoka shambani saa moja usiku akiwa hoi. Na mwanafunzi naye hayupo nyumbani. Shule ya kata iko mbali, kwa hiyo anapanga chumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto. Jumapili anatoka kwao na unga wa muhogo, maharage na mafuta ya mawese kwenye chupa. Ana miaka 15, anapika mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe, na unga ukiisha Alhamisi anajua mwenyewe.

Hapo ndipo mwalimu mpya anapoingia, tena na pikipiki. Lifti ya kwanza bure. Ya pili bure na chipsi juu. Ya tatu somo linaanza, na halina kitabu wala ukurasa wa kuruka. (Vijana wa boda msininunie, najua wengi wenu mnalisha familia na mnawaheshimu dada zetu. Namsema yule mnayemjua.)

Wakubwa nao wamo. Mwaka 2008 redio zilianza kurusha matangazo ya yule mtu mzima mwenye vijisenti anayewinda wanafunzi, Fataki. Jina lilishika mpaka likawa neno la mtaani, hadi leo mzee akisimamisha gari karibu na mwenye sare, watu wanaguna, "Fataki huyo!" Yaani tulimpata jina mwindaji. Anayewindwa hatukumwambia kitu.

Basi matokeo ndiyo haya. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22. Imeshuka, tumshukuru Mungu, lakini bado ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Hesabu mwenyewe wasichana wa darasa lenu.

KUMFUKUZA TULIWEZA

Serikali haikukaa kimya juu ya mimba za shuleni. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ikaingizwa humo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikaongezewa meno: anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa, jela miaka 30. Tarehe 22 Juni 2017, pale Chalinze, Rais John Magufuli akatamka kwamba chini ya utawala wake aliyezaa harudi shule. Tarehe 24 Novemba 2021 mlango ukafunguliwa, na aliyetangaza ni waziri wa elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechaguliwa mbunge wa Kasulu Mjini, kwetu huko huko. Siku ile nilimkumbuka yule mwenzetu wa malaria. Mtoto wake sasa ni mtu mzima.

Angalia basi mfululizo wenyewe. Kumfukuza msichana tuliweza. Kumfunga aliyempa mimba tukaweza, angalau kwenye karatasi. Kumrudisha darasani nako tumeweza. Kumwambia mapema, kabla ya lifti ya tatu, ndiko kunakotushinda.

Si kwamba hakuna kitu kabisa, tusisingizie. Uzazi umo kwenye sayansi na baiolojia, UKIMWI umo, na mwezi Desemba 2013 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika ambazo mawaziri wake wa elimu na afya waliahidi, huko Cape Town, kuwapa vijana elimu ya jinsia iliyokamilika. Karatasi ipo. Tatizo ni mwalimu anayekohoa na kutazama dirishani.

Ajabu ni kwamba nje ya darasa tulishathubutu zamani. Kuanzia mwaka 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, na mzee wangu hakukosa. Mkwaju dereva wa lori, mwanamke kila kituo, mpaka UKIMWI ukamkuta. Tulikaa sebuleni baba, mama na watoto, tunamsikiliza Mkwaju pamoja, hakuna aliyeondoka kwa aibu. Aibu ilitoka wapi darasani? Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme, ambapo wanafunzi wenyewe, hasa wasichana, wanaigiza matatizo yao mbele ya walimu. Mwaka 1999 likaja jarida la Femina, likagombaniwa sekondari hadi kurasa zikachanika.

Na wageni wetu je? Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, Kasulu na Kibondo zilipokea watu kwa maelfu. Mwaka 1996 Wakongo wakaanza kuingia Nyarugusu. Kambi ni mahali pagumu, hasa kwa mwanamke anayekwenda porini kutafuta kuni. Ubakaji ulikuwa mwingi kiasi kwamba kimya kilishindikana, na mwaka huo huo wa 1996 shirika la IRC likaanza kwenye kambi za Kibondo mpango wa kuwasaidia waliobakwa na kuzungumza waziwazi juu ya ukatili huo. Watoto wa kambini husoma mitaala ya kwao, na ule wa Kongo una somo kabisa la elimu ya maisha. Kwa hiyo mtu angeweza kusimama barabarani pale Kasulu, upande mmoja wa uzio jambo linasemwa, upande wa pili mwalimu anakohoa.

"MTAWAFUNDISHA UZINZI!"

Hoja hii naisikia kila siku: ukimfundisha mtoto, unamwamsha. Ni hofu ya kweli ya mzazi, siicheki. Lakini imepimwa, tena hapa hapa nchini. Kuanzia mwaka 1999 mkoani Mwanza kulikuwa na mpango wa MEMA kwa Vijana: jamii 20 zikagawanywa, nusu shule zake zikafundisha elimu hiyo kuanzia darasa la tano hadi la saba, nusu zikasubiri. Vijana waliofundishwa walijua zaidi na waliongea kwa busara zaidi. Hawakuharibika kuliko wenzao. Ila nisidanganye: mimba na maambukizi ya virusi havikupungua kama wenye mpango walivyotegemea. Darasa peke yake halimshindi njaa ya Alhamisi. UNESCO nao walipotoa upya mwongozo wao mwaka 2018, wakiwa wamepekua tafiti za nchi nyingi, walisema elimu hii haiwaharakishi watoto kuanza ngono.

Kwa hiyo anayesema somo litamaliza mimba anatia chumvi, na anayesema litaleta uzinzi naye anatia chumvi. Mimi nataka kitu kidogo tu: mtoto ajue kinachotokea kwenye mwili wake kabla hajatokewa.

Haya. Sasa tuje kwenye kaa la moto.

Mwaka 2023 kaa hili liliwaka nchi nzima. Mwezi Februari waziri wa elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa madai ya kwenda kinyume na mila na maadili, vikiwemo vile vya katuni za mtoto mtundu vinavyoitwa Diary of a Wimpy Kid. Mwezi Machi huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne ikazuiwa. Jirani zetu Uganda, Mei mwaka huo huo, wakatunga sheria kali dhidi ya ushoga. Kwenye simu kila mtu akawa na video yake, na kila video ina mtu anayepiga kelele.

Neno lenyewe limebadilika. Akina mama wa pwani waliitana "shoga" wakimaanisha rafiki wa karibu. Leo ukimwita mtu hivyo njiani unaweza kupoteza meno.

Sheria iko wazi: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoachwa na Mwingereza na kukazwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinatoa hadi kifungo cha maisha na si chini ya miaka 30. Kinawakuta watu wazima walioridhiana na kinamkuta mbakaji wa mtoto kwenye kapu lile lile. Na hapa ndipo naona sote tunapotea njia, kwa sababu tukichanganya vitu hivyo viwili anayeumia ni mtoto wa kiume.

Unajua ni wangapi? Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Hilo tulilitegemea. La kushtua ni wavulana: takriban 1 kati ya 7. Mmoja kati ya saba! Timu nzima ya mpira ina watoto kama hao, na hakuna aliyesema.

SANDUKU LA KIBONDO

Mwaka huu likizo ya Juni nilipanda basi kutoka Kasulu hadi Kibondo kumwona rafiki yangu tuliyekua pamoja. Sasa ni mwalimu wa sekondari. Nilikwenda kununua asali, nisijifanye mtafiti. Tulikaa nje ya nyumba yake jioni, soda mkononi, akanieleza alichofanya darasani mwezi Machi. Alichukua boksi la sabuni, akalitoboa juu, akawaambia wanafunzi waandike swali lolote bila jina.

Akaniletea karatasi zenyewe ndani ya bahasha. Kaka, nilicheka mpaka machozi. Mmoja anauliza kama kuruka kamba mara hamsini kunazuia mimba. Mwingine kama kondomu ukiianika juani unaona wadudu wakitembea, uvumi tuliouacha sisi wenyewe miaka ile. Mwingine, mwandiko mzuri kabisa: "Mtu akikulipia nauli mwezi mzima, anakudai nini?" Hapo kicheko kikakata.

Akazijibu zote, mchana kweupe, wavulana na wasichana pamoja. Isipokuwa moja. Alikuwa ameitenga kwenye pochi yake pamoja na kitambulisho. Maneno na darasa nimevibadilisha ili mwandishi asijulikane, lakini maana ni hii: mimi ni mvulana, nilipokuwa shule ya msingi mtu mkubwa alinifanyia, je, na mimi nitakuwa shoga?

Nikamuuliza rafiki yangu kwa nini hakujibu. Akanitazama kama vile nimetoka mwezini. "Kaka, nikitamka neno hilo darasani, kesho kijiji kizima kinasema mwalimu anafundisha ushoga. Nina watoto watatu."

Jibu alikuwa nalo, na si refu. Hapana. Kufanyiwa ukatili si kosa lako na hakukugeuzi kuwa kitu. Aliyekufanyia ni mhalifu. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna fomu namba tatu ya polisi, kuna simu 116 ya kusaidia watoto, bure. Na mwingine akifanyiwa leo, afikishwe hospitali ndani ya saa 72, dawa ya kumkinga na virusi ipo. Dakika mbili tu. Lakini shule imekatazwa, au imejikataza, kulitaja jambo lenyewe, na mtoto anayeogopa kuitwa shoga hawezi kusema kabakwa. Mbakaji anajua hilo kuliko sisi. Kimya chetu ndicho kufuli la mlango wake.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ushoga utajwe shuleni, nasema utajwe, kwa umri unaofaa, na mtoto akiuliza ajibiwe. Ajibiwe kwamba watu wanaovutwa na jinsia yao wapo, kila mahali na tangu zamani, na kwamba Shirika la Afya Duniani liliacha kuuhesabu ugonjwa mwaka 1990. Aambiwe sheria ya nchi inasemaje na dini zetu zinasemaje, maana ndiyo dunia anayoishi. Aambiwe kwamba hauambukizwi kwa kusoma kama surua. Na aambiwe kwamba mwenzake anayetembea kwa madaha au mwenye sauti nyembamba si ruhusa kumpiga wala kumzomea mpaka aache shule. Anayeona hayo ni kumshawishi mtoto, na aje na kitabu chake tusome pamoja.

Wazazi wasifungiwe nje, hapo nawaunga mkono wanaolalamika. Wanachukia vitu vinavyoshuka na wafadhili usiku bila wao kuviona, na wana haki. Somo liwekwe mezani kwenye mkutano wa shule, kwa Kiswahili, baba alisome kabla ya mwanawe. Shangazi naye aitwe kama bado yupo. Na walimu wafunzwe namna ya kusema bila kukohoa, kisha mwenye mamlaka awakinge wakisemwa. Bila kinga hiyo hakuna mwenye watoto watatu atakayethubutu.

Usiku ule tulibishana hadi mbu wakatushinda. Nilimwambia amwite kijana faragha, mwandiko anaujua. Akasema ataona. Asubuhi alinisindikiza stendi na dumu langu la asali, hatukuligusa tena suala lile.

Shule zilipofungua mwezi Julai, nikiwa kazini, simu ikalia ujumbe. Ulikuwa wake. "Nimemwita leo. Tumekaa kimya kama dakika kumi hivi. Halafu akaanza."